Waya wa Pili Unapita Wapi?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota karibu nchi nzima. Mikonga miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika siku hiyohiyo upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu ofisi nyingi za Dar es Salaam ziliamka na swali moja, nami nililisikia kwenye simu kutoka kwa wateja kabla sijanywa chai: "Fundi, si tunalipia laini mbili?"

Kweli walikuwa wanalipia. Kampuni mbili tofauti, ankara mbili kila mwezi, vifaa viwili ukutani vyenye nembo mbili. Wasichokijua ni kwamba huko mbele laini zote mbili zilikuwa zinaelekea kusini kupitia bahari ileile. EASSy na Seacom zina wenyewe tofauti, lakini Afrika Kusini zote zinapanda nchi kavu mahali pamoja, Mtunzini, pwani ya KwaZulu-Natal. Kaskazini nako Seacom ilikuwa tayari imejeruhiwa. Februari ya mwaka huo mikonga mitatu, Seacom ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika iliyoikata ni nanga ya meli ya Rubymar, iliyokuwa ikielea ovyo baada ya kupigwa kombora na Wahouthi.

Tangu hapo nimepata kazi nyingi za aina moja. Wateja waliokuwa wameweka kila kitu kwenye wingu wanataka nakala ya data zao ikae hapahapa, ndani ya jengo, wanakoweza kuifikia hata bahari ikichafuka. Wananunua mitambo ya kuhifadhia data, ile tunayoiita storeji, kisha wananiita niiunganishe na mtandao wa ofisi. Kila nikifika nakuta wameshauliza maswali ya diski: ngapi, za ukubwa gani, za kasi gani. Maswali ya nyaya hawajauliza hata moja. Katika mitambo mingi niliyowahi kuitiwa ikiwa imesimama, diski zilikuwa nzima na data ilikuwa salama kabisa, ila hapakuwa na njia ya kuifikia. Kwa hiyo swali lao la laini mbili mimi halikunishangaza. Nimelikuta mara nyingi nyuma ya makabati ya seva, kwa kipimo cha mita badala ya maelfu ya kilomita.

Aliyenifundisha kushika waya alikuwa mzee wa Tanga, mstaafu wa simu za mezani. Vijana wa kompyuta hakuwapenda sana. Alisema tunajua kubonyeza lakini hatujui kinachobonyezwa. Siku zangu za mwanzo hakunipa kompyuta, alinipa kisu kidogo na kipande cha waya wa mtandao, akasema, "Kwangua." Nikamenya ganda, nikafungua jozi moja, nikatoa unyuzi wa ndani na kuukwangua. Rangi nyekundu ya shaba ikatoka, na chini yake chuma cheupe kikang'aa. "Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba," akasema. "Sasa kwangua huu." Kipande cha pili kilikuwa chekundu mpaka moyoni. Maboksi yote mawili ya nyaya hizo yalikuwa yamenunuliwa Kariakoo, yameandikwa maneno yaleyale, na tofauti ya bei ilikuwa kubwa kiasi cha kumfanya mteja yeyote achague la kwanza. Ukiyanyanyua yote mawili unaijua tofauti kabla ya kufungua, maana la shaba tupu linavuta mkono.

Ubaya wa waya ule wa bandia ni kwamba unafanya kazi. Ukiupima kwa kile kijipimio chenye taa nane, taa zote zinawaka, kwa sababu kijipimio hicho kinajua tu kama umeme umefika upande wa pili. Barua pepe zinakwenda, watu wanatazama video, fundi analipwa anaondoka. Siku storeji inapofungwa kwenye waya huo na kuanza kusukuma nakala za usiku kucha bila kupumzika, ndipo makosa yanaanza kujaa kwenye swichi. Vipande vya data vinaharibika njiani, vinatumwa upya, na nakala iliyotakiwa kumalizika alfajiri inakutana na wafanyakazi asubuhi.

Mzee alitukaririsha mpangilio wa rangi kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Huo ndio mpangilio wa T568B. Kuna ndugu yake, T568A, anayebadilishana naye chungwa na kijani, na yeyote kati yao anafaa mradi jengo zima lifuate mmoja. Alitukataza kufungua msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13 wakati wa kubana kichwa. Nilidhani ni ukali wa wazee, hadi aliponieleza kuwa msokoto ndio unaoua kelele: nyuzi mbili za jozi moja zinapozungukana, kelele inayoingia huku inaingia na kule kwa kiasi kilekile, na upande wa pili inafutwa. Ukiufungua kwa uvivu wa vidole umefungua mlango. Alituwekea pia mpaka wa mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, 90 za waya uliolala ukutani na 10 za vipande vya kuungia huku na huku. Tulipolalamika kwamba waya unafika hata mita 120 na taa inawaka, alitutazama tu.

Yule mzee alikuwa na tabia nyingine iliyotuchosha, ya kuuliza kila waya unapotokea na unapokwenda. Unaweka lebo huku na huku, kisha unautembea kwa miguu, mkono juu ya trei, mpaka mwisho wake. Hakukubali jibu la "nadhani unaingia kwenye swichi ile."

Nilipopelekwa Mwanza, kwenye taasisi moja ya mikopo, ndipo nilipoujua uzito wa tabia hiyo. Walikuwa na storeji nzuri kweli. Ilikuwa na kontrola mbili, maana yake bongo mbili zinazoweza kuendesha diski zilezile, moja ikifa nyingine inashika. Ilikuwa na sehemu mbili za kuingizia umeme, kila moja inatosha kuubeba mtambo peke yake. Kila kontrola ilikuwa na milango minne ya mtandao. Muuzaji aliwaambia kwamba kila kitu ndani ni viwili viwili, na hakusema uongo. Mtambo uliuzwa ukiwa viwili viwili, ukafungwa ukiwa kimoja kimoja.

Nilipofika ulikuwa umezimika mchana kweupe, foleni ya wateja imefika nje. Sababu ilikuwa sakafuni. Nyaya zote mbili za umeme za storeji zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, pamoja na seva mbili na feni kubwa ya kusimama waliyoileta kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kibovu. Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa umeme wa volti 230 haizidi kilowati 3. Feni na seva zilipozidisha mzigo, fyuzi ikaungua, na kwa kuungua huko kitu cha senti chache kikaangusha mtambo wa mamilioni. Plastiki ya plagi ilikuwa imegeuka kahawia na kunuka. Haikuharibika siku ile, ilikuwa inapikika polepole kwa muda mrefu na hakuna aliyeinama kuitazama.

Data haikupotea, na kwa hilo nawasifu waliotengeneza mitambo hii. Storeji inapopewa kitu cha kuandika, haiendi moja kwa moja kwenye diski. Inakiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya haraka, inakinakili kwenye kontrola ya pili, kisha inamjibu seva kwamba kimeandikwa. Umeme ukikatika hapo katikati, betri ndogo ndani ya kontrola inakilinda hadi umeme urudi. Hata hivyo hifadhidata yao ilichukua saa kadhaa kujisahihisha, na foleni ya wateja ilikwenda nyumbani.

Nikageukia nyaya za mtandao. Milango minne tu kati ya minane ilikuwa imechomekwa, na yote ilikwenda kwenye swichi moja. Wanayo swichi ya pili? "Ipo, bosi," kijana wa ofisi akaniambia. Ilikuwa ndani ya boksi lake, haijafunguliwa, na juu ya boksi walikuwa wameweka birika la chai.

Kuifunga vizuri kulituchukua jioni moja tu, na mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila kontrola inatoa mguu mmoja kwenda swichi ya kwanza na mguu mmoja kwenda swichi ya pili. Kila seva inafanya vilevile. Swichi mbili haziunganishwi zenyewe kwa zenyewe, na kila moja inapewa fungu lake la anwani, ili ugonjwa wa moja usiambukize nyingine. Kwenye seva kuna programu inayozitambua njia zote kuwa ni za diski ileile na kuhama njia moja ikifa. Umeme nao hivyohivyo: mkia wa kushoto kwenye saketi moja, wa kulia kwenye saketi nyingine, na ukifuata waya hadi kwenye ubao wa umeme unaona swichi mbili tofauti, si matundu mawili ya ekstensheni moja. Nafuata mpaka kwenye ubao kwa sababu ukutani soketi zote zinafanana.

Palikuwa na kero nyingine ndogo usiku ule, ambayo mafundi wenzangu wataitambua. Storeji ilikuwa imewekewa vifurushi vikubwa vya data, baiti 9000 badala ya 1500 za kawaida, ili isukume mzigo kwa safari chache. Swichi ile mpya iliyotoka kwenye boksi ilikuwa bado kwenye 1500. Ukiipigia storeji amri ya kawaida ya kuulizia kama ipo, inajibu vizuri. Ukimwaga data inakwama. Kinachofichua hali hiyo ni kupiga amri hiyohiyo kwa kifurushi cha baiti 8972, huku ukikataza kisikatwe njiani, kwa sababu baiti 28 zilizobaki ni za bahasha. Isiporudi na jibu unajua kuna mlango mdogo mahali fulani. Wengi hupima njia kwa kitu kidogo kinachopita popote, wakaiamini.

Kuhusu Zanzibar sitasema mengi. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, kwa kuwa kisiwa kizima kilitegemea njia moja ya umeme kutoka bara, kupitia chini ya bahari. Niliyoyaona huko ni jenereta, moshi, na kutu ya chumvi kwenye vichwa vya nyaya. Ofisi niliyoisaidia ilikuwa na saketi A na saketi B zilizochorwa vizuri kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu, zote mbili zikinywa dizeli ya tangi moja.

Dodoma ndiyo iliyonikaa zaidi. Ilikuwa miaka ile mji unajengwa kila kona, baada ya serikali kuhamia, na magreda hayalali. Taasisi moja ilikuwa na majengo mawili yaliyotengana kilomita chache, na kila jengo lilikuwa na storeji yake. Zilifungwa ziandike kwa pamoja: seva ya jengo la kwanza ikiandika kitu, haipati jibu mpaka na storeji ya jengo la pili iseme imepokea. Kwa umbali huo hakuna tatizo, mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita ni sehemu tano tu kati ya milioni moja za sekunde. Njia kati ya majengo zilikuwa mbili za faiba. Kwenye mchoro wa mkandarasi mistari miwili ilipita mitaa miwili tofauti.

Greda moja lililokuwa linachimba mfereji wa maji ya mvua lilikata zote mbili kwa pigo moja. Nilisimama juu ya shimo nikaona bomba moja jeusi limepasuka, na ndani yake faiba mbili zenye maganda ya njano, lebo zake bado zinasomeka: NJIA 1, NJIA 2. Aliyewahi kuchimba barabara anajua kwa nini. Faiba yenyewe ni rahisi, kinachokula fedha ni kuchimba, kuweka chemba, kuomba vibali vya kuvuka barabara. Mtu alikuwa amelipwa kuchimba mara mbili akachimba mara moja.

Kilichofuata juu ya ardhi kilikuwa cha ajabu zaidi. Storeji mbili zinapopotezana, kila moja inaweza kudhani mwenzake amekufa na kujitangaza kuwa ndiyo mkuu, zikaanza kuandika vitu viwili tofauti. Ili kuzuia hilo huwekwa shahidi, kompyuta ndogo ya tatu. Anayeweza kumfikia shahidi ndiye anayeendelea, asiyeweza anajizima. Mwongozo unataka shahidi akae mahali pa tatu, mbali na majengo yote mawili. Wao walimweka kwenye jengo la pili, kwa sababu huko kulikuwa na soketi iliyobaki wazi. Kwa hiyo faiba zilipokatwa, jengo la kwanza lilijikuta limempoteza mwenzake na shahidi kwa pamoja, likafanya lililofundishwa kufanya: likajizima. Watumishi wote walikuwa jengo la kwanza. Jengo la pili, lililobaki linafanya kazi kwa ukamilifu, lilikuwa na mlinzi na paka.

Hakuna kifaa kilichokosea siku ile. Kila mashine ilitii. Nimeona watu wakifukuza mafundi na kubadilisha chapa ya storeji baada ya tukio la namna hii, fedha nyingi zinatoka, na bomba jipya linapitishwa kwenye mfereji uleule kwa kuwa umeshachimbwa.

Ndiyo maana Mei 2024 nilipoulizwa kuhusu laini mbili niliwashauri wateja waandike barua kwa watoa huduma wao na kuuliza mambo ambayo kwa kawaida mteja haulizi. Laini yangu inatoka jengoni kwa bomba lipi? Inapanda mkonga upi? Mkonga huo ukikatika mnanihamishia wapi, na huko mmenunua nafasi ya kutosha au mnatumaini tu? Mkonga wa 2Africa umeshafika pwani ya Dar tangu 2023, na zipo njia za nchi kavu kwenda Mombasa, lakini uwepo wa mkonga baharini na uwepo wa data yako ndani ya mkonga huo ni vitu viwili. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya kila aina. Wengine walituma ramani yenye rangi nzuri na mistari iliyonyooka kuliko barabara yoyote ninayoijua.

Ramani siiamini peke yake, na aliyenikomaza katika hilo si fundi. Alikuwa mama mmoja, mhasibu mkuu wa kampuni ya usafirishaji, aliyetakiwa kusaini fomu ya kupokea storeji tuliyofunga pamoja na timu ya muuzaji. Tulikuwa tumechapisha michoro, tumeweka picha, tumeorodhesha milango yote. Akavua miwani, akasema, "Wanangu, mimi michoro siijui. Nitakaa hapa niingize ankara. Ninyi mkachomoe."

Msimamizi wa timu ya muuzaji alijaribu kumweleza kwamba mfumo umeshathibitishwa. "Shikamoo yako nimeipokea," mama akajibu, "na kuchomoa tutachomoa."

Tukaanza. Waya wa umeme wa kushoto: taa moja ikageuka rangi ya chungwa, feni zikapiga kelele kidogo, ankara zikaendelea. Tukaurudisha, tukachomoa wa kulia, sawa. Tukazima swichi ya kwanza nzima: mama akahesabu kwa sauti akisubiri skrini yake igande, akafika ishirini, haikuganda. Hata ingeganda kidogo isingetushtua, kwa kawaida seva inasubiri kidogo kabla ya kukubali kwamba njia imekufa. Tukairudisha, tukasubiri njia zote ziwe kijani, tukazima swichi ya pili. Skrini ikaganda. Akahesabu. Akafika sitini, akaacha kuhesabu, akatutazama.

Seva ya ankara zake ilikuwa na nyaya mbili kweli, moja kila swichi, zimefungwa vizuri na lebo zake. Lakini wakati wa kuiandikia anwani, aliyeisanidi kwa niaba ya muuzaji alikuwa ameipa storeji ruhusa ya kuonekana kupitia mlango mmoja tu, ule wa swichi ya pili. Waya mwingine, wa swichi ya kwanza, ulikuwa na taa ya kijani mchana na usiku na haujawahi kupitisha hata herufi moja. Kwa macho, hata macho ya yule mzee wa Tanga, usingeweza kuugundua.

Mama hakugomba. Aliirudisha kalamu kwenye mkoba, akawaambia wamtafute wakiwa tayari, na akaomba kwamba siku hiyo swichi azime yeye mwenyewe. Walirudi wiki iliyofuata. Alizima ya kwanza, akahesabu, akaiwasha, akazima ya pili, akahesabu, akaingiza ankara tatu mfululizo, kisha akasaini. Tangu wakati huo kwenye mikataba yangu naweka kifungu kinachosema mteja ndiye atakayechomoa, na malipo ya mwisho yanafuata baada ya hapo. Wapo wauzaji waliokataa kufanya kazi nami kwa sababu ya kifungu hicho. Mmoja aliniuliza kwa nini siwaamini. Nikamwomba anioneshe waya wa pili unapita wapi, akaniahidi kunitumia mchoro.